Safari ya Chicago, Kuhesabu Majina

Barua ya mwaliko kutoka Chicago ilipofika maktabani kwetu Dar es Salaam, wenzangu waliniuliza kuna nini huko ambacho intaneti haijatuletea. Mimi ni mkutubi wa vitabu na majarida ya tiba, na sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wa Tanzania. Niliwaambia naenda kusomea bibliometria, elimu ya kupima maandishi ya sayansi: nani ameandika, ameandika na nani, na nani amemrejelea nani. Kila mshiriki alitakiwa kuchagua ugunduzi mmoja aufuatilie tangu chimbuko lake. Nilichagua kipokezi cha estrojeni.

Uchaguzi huo ulitoka mezani kwangu. Madaktari wanaosomea patholojia huja kila mara kutafuta makala za saratani ya matiti, na karibu kila makala ina herufi mbili, ER, kifupi cha Kiingereza cha kipokezi hicho. Kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe wa mgonjwa hupakwa kingamwili na rangi, kisha hutazamwa kwa hadubini. Viini vya seli vyenye kipokezi hugeuka kahawia. Visivyo nacho hubaki buluu. Hata asilimia 1 tu ya viini vya seli za saratani ikishika rangi, jibu huandikwa chanya, na mgonjwa anaweza kuanzishiwa tamoksifeni, kidonge kinachomezwa kila siku, mara nyingi kwa miaka 5. Cheti cha majibu kina jina la mgonjwa na sahihi ya daktari. Jina la aliyegundua jambo lenyewe halimo, na hilo ndilo nililolifuata Chicago.

Tulibadilisha ndege Doha usiku wa manane, na kutoka hapo safari ikawa ndefu hata sikujua tena chakula nilicholetewa kilikuwa cha jioni au cha asubuhi. Uwanjani O'Hare ofisa wa uhamiaji aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamweleza nimekuja kujifunza kuhesabu marejeo ya makala za kisayansi. Alinitazama, akauliza kama kazi hiyo ina mshahara, akanirudishia pasi yangu.

Treni ya kwanza ilinifikisha katikati ya jiji. Ya pili ikanipeleka kusini kando ya Ziwa Michigan. Mtu wa pwani hana budi kulishangaa ziwa hilo: maji hadi upeo wa macho, mawimbi yanapiga ukingo wa mawe, lakini unavuta pumzi na harufu ya chumvi haiji. Kwenye kituo cha mtaa wa 57, Hyde Park, nilipokewa na kaka mmoja wa Mombasa anayesoma huko. "Karibu dada, pole na safari," alisema, kisha akalikagua koti langu. "Hilo la Kariakoo, sivyo? Kesho nakuletea jingine." Ilikuwa Novemba, na upepo wa ziwani ulipenya kila tundu la kifungo. Kesho yake alileta.

Chuo Kikuu cha Chicago kimejengwa kwa mawe ya kijivu, na minara yake inafuata mtindo wa makanisa ya kale ya Ulaya. Maktaba kuu, Regenstein, imesimama palipokuwa na uwanja wa michezo. Chini ya majukwaa ya uwanja huo, tarehe 2 Desemba 1942, Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia lililojengwa na binadamu. Jirani na maktaba ipo sanamu ya shaba ya Henry Moore, iliyozinduliwa mwaka 1967 kuikumbuka siku hiyo. Wanafunzi huipita na vikombe vyao vya kahawa bila kuitazama. Mimi nilikaa hapo kwa muda, maana habari niliyoifuata nayo inapitia kwenye tanuri hilo. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, isotopu (aina za elementi) zenye mnururisho kutoka matanuri ya namna hiyo zilianza kuwafikia watafiti wa tiba, na moja kati yake ndiyo iliyokifichua kipokezi.

Mwendo mfupi kutoka hapo lipo jengo lenye idara ya Ben May ya utafiti wa saratani. Ilianza mwaka 1951 kama maabara, kwa fedha za Ben May, mfanyabiashara wa mbao wa Alabama, chini ya Charles Huggins, daktari wa upasuaji aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1966 kwa kazi yake ya kutibu saratani ya tezi dume kwa njia ya homoni. Katika maabara hiyo alifanya kazi Elwood Jensen, mkemia mzaliwa wa Fargo, North Dakota.

Kwamba ovari zina uhusiano na saratani ya matiti halikuwa jambo geni. Mwaka 1896 George Beatson wa Glasgow alitangaza kwamba kuziondoa kumewapa nafuu baadhi ya wagonjwa. Kilichokuwa gizani ni namna estrojeni, homoni ya ovari, inavyofanya kazi. Katika miaka ya 1950 wengi waliamini kwamba estradioli, aina mojawapo ya estrojeni, hufanya kazi kwa kubadilishwabadilishwa na vimeng'enya. Jensen na mwenzake Herbert Jacobson waligeuza swali. Badala ya kuuliza homoni inaufanyia nini mwili, waliuliza mwili unaifanyia nini homoni. Waliitia estradioli tritiamu, yaani haidrojeni yenye mnururisho, kama mchungaji amfungavyo mbuzi njuga ili amsikie hata akizama kichakani. Ugumu ulikuwa kwamba panya jike asiyepevuka hutosheka na homoni kidogo mno, kwa hiyo mnururisho ulipaswa kuwa mkali sana ndipo vipimo viunase. Ilibidi wajitengenezee mtambo wao.

Majibu yalikuja bayana. Damu, ini na misuli vilipokea homoni na kuiachia upesi. Mji wa mimba uliishikilia kwa saa nyingi, na ilipotolewa ilikuwa estradioli ileile, haijaguswa na kimeng'enya chochote. Kwa hiyo ndani ya seli hizo mlikuwa na kitu kinachoishika. Kitu hicho ndicho tunachokiita kipokezi: protini ambayo, ikishashikana na homoni, hujishikiza kwenye DNA na kuamrisha jeni zifanye kazi.

Jensen alipenda kusimulia kwamba wazo la kugeuza swali alilipata mlimani. Mwaka 1947, akiwa Uswisi, alipanda Matterhorn ingawa hakuwa mpandaji milima. Alikumbuka kisa cha Edward Whymper, aliyeshindwa mara nyingi kuupanda mlima huo kwa upande wa Italia, akafika kileleni mwaka 1865 kwa kupitia upande wa Uswisi ulioogopwa zaidi. Mwaka 1958 Jensen alipeleka matokeo yake kwenye mkutano wa kimataifa wa biokemia mjini Vienna. Kwa simulizi yake mwenyewe, waliomsikiliza walihesabika kwa vidole.

Faida ya kazi hiyo ilionekana wodini baadaye. Kabla yake, wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa walikuwa wakiondolewa tezi za adrenali, na ni karibu theluthi moja tu waliopata nafuu. Waliobaki walipasuliwa bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jensen na wenzake walionyesha kwamba uvimbe usio na kipokezi cha kutosha kwa kawaida hauitikii tiba hiyo. Kuanzia hapo ikawezekana kupima kwanza, ndipo daktari aamue.

Darasani mwalimu wetu, mama mmoja aliyezeekea kazi ya ukutubi, hakutaka tuanze na kompyuta. Alituwekea mezani juzuu za zamani za Science Citation Index, faharasa ambayo Eugene Garfield aliianzisha Philadelphia mwaka 1964, akiiga faharasa za wanasheria wa Marekani zilizofuatilia kesi gani imetajwa katika kesi ipi. Juzuu ni nzito, na herufi zake ndogo hata nikaazima kioo cha kukuzia. Nilitafuta makala maarufu ya mwaka 1966 ambamo David Toft na Jack Gorski walieleza jinsi walivyokitenga kipokezi kutoka mji wa mimba wa panya. Imeorodheshwa hivi: TOFT D, kisha 66, kifupisho cha jina la jarida, juzuu 55, ukurasa 1574. Chini yake zimepangwa makala zilizoirejelea. Gorski hayupo. Faharasa hiyo ilimworodhesha anayerejelewa kwa jina la mwandishi wa kwanza pekee, na hapa mwandishi wa kwanza alikuwa mwanafunzi, Toft. Mwalimu wake alikuja nyuma. Ukitaka kumpima Gorski kwa juzuu hizo lazima uwe umeshajua alichoandika na aliandika na nani.

Mkanganyiko ukazidi nilipofika Machi 1986, mwezi ambao muundo wa jeni ya kipokezi cha binadamu ulichapishwa na makundi mawili. Makala ya Strasbourg, iliyotoka katika maabara ya Pierre Chambon, inaanza na jina la Stephen Green. Nyingine inaanza na Geoffrey Greene wa Chicago. Green na Greene, mwezi mmoja, somo moja: mchapaji akidondosha herufi moja katika orodha ya marejeo, sifa ya mmoja inahamia kwa mwingine.

Hapo nikawafikiria waandishi wetu. Wengi Afrika Mashariki hatuna jina la ukoo kwa maana ya Ulaya. Tuna jina letu, la baba na la babu. Mohamed Ali Juma anaweza kuorodheshwa mahali pamoja kama Juma MA, pengine Mohamed AJ, na kompyuta ikawahesabu kuwa watu wawili, kila mmoja na kazi nusu. Tangu mwaka 2012 ipo ORCID, namba ya tarakimu 16 anayojisajilia mtafiti bila malipo ili kazi zake zote zimfuate yeye. Madaktari wetu wengi hawajajisajili.

Lipo jambo jingine ambalo hata namba hiyo haiponyi. Mwanasosholojia Robert Merton alieleza kwamba ugunduzi ukishakuwa maarifa ya wote, watu huacha kumtaja aliyeuleta. Ndiyo hali ya Jensen. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Lasker pamoja na Chambon na Ronald Evans, akafariki mwaka 2012, lakini makala za leo za ER huanzia mbali na yeye. Jacobson, aliyeshirikiana naye katika majaribio ya tritiamu, hutajwa mara chache hata kuliko yeye. Dora Richardson, mkemia wa kampuni ya ICI ya Uingereza aliyeitengeneza tamoksifeni mwaka 1962, hata watoa dawa wengi hawajawahi kumsikia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya elimu niliyoifuata Chicago ni hii: hesabu ya marejeo inaonyesha nani ametajwa na mara ngapi, na kwa hilo ina manufaa makubwa kwa maktaba na kwa chuo. Haionyeshi nani anadaiwa shukrani, na kamati inayompandisha mhadhiri cheo kwa namba hizo peke yake inakosea. Nawe mtafiti unayesoma hapa, amua leo jina lako litaandikwaje na usilibadilishe tena, jisajili ORCID kabla ya makala yako ijayo, na usiweke makala ya mtu kwenye orodha ya marejeo kabla ya kuifungua na kuisoma.