Duma Alivyopata Nyumba Kaloleni

Mwaka 2020, mwaka wa korona, wapo watu wa Arusha waliozika wapendwa wao. Nyumbani kwetu Olasiti hatukuzika mtu, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Kwa hiyo najua wapo watakaoshangaa kwamba ushuhuda wangu ni wa paka. Lakini katika miezi ile tuliyopoteza kazi, nyumba na shule ya watoto, jambo lililonitoa kitandani usiku kwenda kupiga magoti sebuleni lilikuwa paka. Nalisema kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu najua kuna mtu saa hizi anafunga mizigo yake huku mnyama mzee anamwangalia.

Mume wangu ni dereva wa watalii. Mtu wa Arusha haelezwi maana yake: kazi hiyo ndiyo ada ya shule, ndiyo kodi, ndiyo mchango wa harusi, katika nyumba nyingi kuanzia Sakina mpaka Usa River. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni moja na nusu. Mwezi wa nne 2020 ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa, na hata anga lilipofunguliwa tena tarehe 18 Mei, wageni hawakuonekana. Hesabu ya mwaka mzima ilipotoka walikuwa 620,867. Sisi hatukuisubiri hesabu hiyo. Tuliijua kwa ukimya wa barabara inayopita Kisongo kwenda Makuyuni, ambako magari ya safari yalikuwa yakipishana tangu alfajiri kuelekea Manyara na Ngorongoro, na sasa zilipita bodaboda na malori ya mchanga tu.

Nyumba tuliyopanga tulikuwa tukiilipia miezi sita kwa mkupuo, kama wapangaji wengi, na miezi yetu ilikuwa inaisha mwisho wa Juni. Hatukuwa na ya kulipia mingine. Kaka wa mume wangu yuko Singida, ana mashine ya kukamua alizeti. Akapiga simu akasema njooni, kuna vyumba viwili, na lori la kubebea mbegu linatafuta dereva. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba shule zote zitafunguliwa tarehe 29 Juni, kwa hiyo watoto wangeanzia huko moja kwa moja. Nililia kwa furaha. Kisha shemeji akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba kitinda mimba wao ana pumu na daktari amewakataza kuwa na mnyama wa manyoya ndani.

Duma, paka wetu, alikuwa na umri wa miaka 13. Mume wangu ndiye aliyempa jina hilo, alipomwokota akiwa mdogo kwenye uwanja wa magari na kumkuta hashikiki kwa mbio. Alikuja kwetu kabla binti yetu hajazaliwa. Binti yule alijifunza kusimama kwa kushika mkia wake, na Duma hakumparua hata mara moja. Kufikia 2020 mbio zilikuwa zimekwisha. Sikio moja lilikuwa halisikii, meno mengi ya nyuma yametoka, na alikuwa akinywa maji kupita kiasi. Juni ya Arusha mnaijua: Meru imefunikwa na mawingu wiki nzima, manyunyu, baridi inayoingia kwenye mifupa. Yeye alishinda amejikunja pembeni ya jiko la mkaa, na panya walipita mbele yake kana kwamba wamejua.

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kwetu paka anafugwa kwa kazi. Ukimuuliza mtu kama anataka paka, anakuuliza kwanza, anakamata? Jirani mwenye stoo ya mahindi alimpenda rangi, akamfungua mdomo, akaona meno, akanirudishia kwa adabu. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa tayari, lakini mama mkwe wake akakataa, akasema paka mzee wa kutoka kwingine akilia usiku uani kwao watu watazungumza. Sikumlaumu bibi yule. Hofu ya uchawi si jambo unaloweza kumwondolea mtu siku moja mlangoni. Mwingine, naye ni mtu mwema, alinipa ushauri ambao nimeusikia tangu utoto: mtie kwenye kiroba, mpeleke jioni sokoni Kilombero, pale hakosi utumbo wa samaki.

Niseme wazi ninavyouona ushauri huo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama, lakini hata isingekuwapo, kumwacha mahali pageni mnyama asiyesikia magari vizuri, asiye na meno ya kujitetea mbele ya mbwa na paka wenye nguvu, ni kumuua na kuwaachia wengine watazame. Tunajidanganya kwamba tumempa nafasi. Anayeshauri hivyo mara nyingi hana roho mbaya, hajui tu njia nyingine ipo. Mimi mwenyewe wakati ule sikuijua.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, nikiwa nimejiandaa kusikia kwamba bora achomwe sindano ya kumpumzisha. Daktari akamshika tumbo, akamwangalia macho na fizi, akasema figo zinaanza kuchoka, jambo la kawaida kwa paka wa umri huo, lakini anakula, anajisafisha, anamjua mwenyewe. "Huyu hajafika huko, mama," akasema. Akamchanja chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huugua na huambukiza, akanipa kadi. Akaniambia pia jambo lililokuja kutusaidia kuliko dawa yoyote: paka anaijua nyumba yake kwa harufu. Ana tezi mashavuni, na kila anapojisugua kwenye mguu wa kiti au pindo la mlango anaacha alama yake. Ukimhamisha ghafla unamvua vyote alivyoandika, ndiyo maana paka wengi waliohamishwa hutoroka kurudi walikotoka. Ahamishwe na harufu zake, akasema, na afungiwe ndani wiki kadhaa mpaka aandike upya.

Sawa, lakini ahamishiwe wapi?

Jibu lilitoka kwa mama anayeniuzia dagaa pale Kilombero. Wauzaji wa dagaa wa Mwanza huwa na fungu la pembeni, dagaa waliovunjikavunjika chini ya gunia, ambao watu huwanunulia kuku na paka kwa bei ya chini. Nilikuwa nachukua fungu la Duma kama kawaida, nikamwambia huenda ni la mwisho. Akaniuliza kulikoni. Nilipomaliza kumsimulia akasema, "Dada, mbona unawauliza wenye panya? Waulize wanaonunua hawa." Akanieleza kuhusu bibi mmoja wa Kaloleni, mtu wa Tanga aliyeolewa Arusha miaka mingi, mjane, aliyekuwa akichukua fungu kila wiki mpaka paka wake alipokufa. Tangu hapo alikuja mara chache, akinunua wa kula yeye tu.

Nilikwenda na binti yangu, tumevaa barakoa, tukanawa kwenye ndoo ya maji tiririka mlangoni. Nyumba iko ndani ya mitaa ile ya nyuma ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ya zamani, yenye ua uliozungushiwa ukuta mrefu na mpapai katikati. Nilipoona ule ukuta moyo wangu ulitulia, maana nilikuwa nimeogopa barabara. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatukalisha kwenye mkeka. Nilianza kumsifia Duma jinsi alivyo mtulivu, alivyo msafi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, ana miaka mingapi?"

Nikamwambia, nikitazama chini, kwa sababu swali hilo ndilo lililokuwa limetufungia milango yote.

"Basi mlete. Watu wameniletea vitoto vya paka hapa, nimevikataa vyote. Kitoto cha paka kitaishi miaka kumi na tano. Mie nikifa kitabaki na nani? Huyu wa kwako tutakwenda sawa."

Sijasahau maneno hayo. Umri ule ambao kwa wengine ulikuwa kasoro, kwake ulikuwa ndiyo sifa. Tulikuwa tumezunguka kwa watu wenye kazi ya kumpa paka, kumbe wa kumtafuta alikuwa mtu mwenye nyumba iliyonyamaza. Akatuambia pia kwamba katika dini yake paka si najisi, kwamba Mtume alifundisha maji aliyonywa paka hayaharibiki, na kwamba marehemu mumewe alikuwa akimwachia paka wao pembe ya mswala. Mimi ni Mlutheri. Nilisikiliza nikiwa na hakika kwamba Mungu niliyemlilia sebuleni Olasiti alikuwa amenisikia, na amenijibu kupitia kwa bibi wa Kiislamu na muuza dagaa.

Tukafanya kama daktari alivyotufundisha. Bibi alitupa kanga yake aliyokuwa amejifunga, bila kuifua, tukaitandika ndani ya boksi alilolalia Duma. Sisi tukampelekea sweta kuukuu la mume wangu alilolipenda, pamoja na vitambaa tulivyomfuta mashavuni, na bibi akavisugua kwenye miguu ya kitanda na kwenye fremu za milango. Siku ya kwanza Duma aliinusa ile kanga akaondoka akalala sakafuni, kwenye baridi. Baadaye akaweka miguu ya mbele tu. Kuna asubuhi nikamkuta amelala juu yake mzima mzima, pua ameifunika na pindo.

Binti yangu akachukua daftari akaandika maelekezo. Dagaa waloweshwe kwanza chumvi itoke, kisha watwangwe na kuchanganywa na mchuzi usio na viungo. Maji mabakuli mawili, moja karibu na anapolala. Beseni la haja liwekwe maranda ya fundi seremala, si majivu, majivu yanamtia chafya. Usimfuate kwa nyuma upande wa kushoto, hakusikii, atashtuka. Akiumwa usimpe Panadol hata kipande; daktari alisema dawa hiyo huua paka. Sentensi ya mwisho aliiandika bila kuniuliza: ukimwimbia anafumba macho.

Tulimbeba kwenye tenga la kuku, tumelifunika kwa ile kanga, tukapanda kifodi. Mume wangu alikuja naye. Huyu ni mtu aliyepeleka wageni kutazama duma wa kweli Serengeti kwa nusu ya maisha yake, na siku ile alishuka kifodi kabla ya kituo, akasema atatusubiri pale pale barabarani. Binti aliingia na tenga mwenyewe. Hakulia pale. Alilia kwenye basi la Singida, kuanzia Minjingu mpaka tulipoingia Babati, na mimi sikumwambia anyamaze. Watu wazima huwaambia watoto kwamba ni paka tu. Kwake huyo alikuwa kiumbe aliyekuwapo nyumbani kabla yake, na nyumba yenyewe tulikuwa tunaiacha nyuma.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kwa wote wawili, kule Kaloleni. Duma aliingia uvunguni mwa kitanda akagoma kula. Bibi aliketi sakafuni, na magoti yale ya kwake, akisoma Kurani kwa sauti ndogo kila baada ya Isha mpaka akazoea. Alipotoka uvunguni alitafuta upenyo wa kutoroka. Bibi akaziba dirisha la stoo kwa waya. Haya yote alinisimulia kwa simu, nami nikiyapokea Singida, upepo ule mkavu ukigonga bati. Kuna siku akanipigia asubuhi, hata salamu hakusubiri, akasema, "Mwanangu, amejisugua mlangoni."

Aliishi hapo karibu miaka miwili. Figo ndizo zilizomchukua mwishoni, kama daktari alivyotarajia. Alizikwa chini ya mpapai.

Sisi tulirudi Arusha mwaka 2022, mwaka ambao watalii walipanda tena hadi kupita milioni 1.4 na waajiri wakaanza kuwaita madereva wao. Tumepanga tena Olasiti, mtaa mwingine. Eneo linabadilika haraka: barabara zinafunguliwa, kule Olmoti umeinuka uwanja wa kuchukua watazamaji 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, na kila penye ujenzi kuna anayehama. Familia moja ya mtaani kwetu inaondoka mwisho wa mwezi huu, ina paka jike mwenye jicho moja na umri wa miaka 11. Mama wa familia hiyo alikuja kuniuliza kama namjua mtu mwenye panya. Nikampeleka Kilombero kwa mama wa dagaa. Muuza dagaa amempata mzee mmoja mstaafu, Ngusero, ambaye huchukua fungu kila Ijumaa ingawa hana kuku wala paka tena, anawagawia paka wa mtaani. Binti yangu tayari amempa yule mama daftari jipya, na koti la mzee limeletwa jana, halijafuliwa.