Goti Limetibiwa, Hofu Nayo Itibiwe

Tanga

Mwanangu mpendwa,



Jana usiku nimeongea na mama yako. Anafurahi kwamba goti halivimbi tena na kwamba unalikunja na kulinyoosha bila taabu. Halafu akapunguza sauti, akaniambia yale ambayo wewe mwenyewe hujayasema. Umejitoa kwenye kundi la WhatsApp la timu. Mpira ukiwa kwenye televisheni unaingia chumbani. Na ngazi za hapo nyumbani bado unazishuka kwa kutanguliza mguu uliofanyiwa upasuaji, kisha unauleta mwingine, mkono umeegemea ukuta.

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya mifupa mpaka nikastaafu, na hilo la ngazi nimeliona kwa wengi. Nguvu mguuni imesharudi, ila mwenye mguu bado hauamini. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu ungeniambia “nipo poa shangazi”, na maneno yangeishia hapo.

Hofu yako ina sababu. Siku ile uwanjani hakuna aliyekugonga. Ulikuwa unageuka kumkwepa beki, mguu ukabaki chini, goti likazunguka. Ligamenti ya mbele ya goti mara nyingi hukatika hivyo hivyo bila kuguswa na mtu, na wasichana hupata jeraha hilo zaidi kuliko wavulana katika mpira. Sasa akili yako haina mtu wa kumlaumu. Inachokiogopa ni ule mgeuko wenyewe, ambao bila huo hakuna mpira. Ukiambiwa “kaza moyo tu”, unaambiwa usahau kitu ambacho mwili umekikariri.

Tena mwili na akili havitengani hivyo. Unakumbuka wiki za mwanzo, ulivyokuwa umekaa kitandani unalitazama paja lako, unataka msuli wa mbele ukaze na haukazi? Ulilia, ukadhani umepooza. Goti lililojeruhiwa na kuvimba huuzuia msuli ule kwa njia ya neva, hata kama mwenyewe unataka kwa moyo wote. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaushughulikia taratibu mpaka ukaamka. Hakuna aliyekuambia ni aibu. Hii hofu nayo inashughulikiwa hivyo hivyo, kwa utaratibu na kwa mtu aliyeusomea.

Mwaka 2014 wataalamu walikusanya tafiti nyingi za watu waliofanyiwa upasuaji kama wako. Waliorudi kwenye mashindano walikuwa asilimia 55. Wengi wa waliobaki nje magoti yao yalikuwa yakifanya kazi vizuri, na hofu ya kuumia tena ni miongoni mwa sababu wanazozitaja wenyewe. Hata lipo dodoso la maswali 12, lililotoka mwaka 2008, la kupima jinsi mgonjwa anavyoliamini goti lake na anavyojisikia kuhusu kurudi uwanjani. Mwombe mtaalamu wako wa mazoezi akujazishe. Wanakupima nguvu ya paja, wanakufanya uruke kwa mguu mmoja na kupima umbali. Basi na hili walipime.

Najua kinachokuzuia. Kwetu mtu akisikia umekwenda kwa mtaalamu wa saikolojia, anauliza kama safari inayofuata ni Mirembe. Waache waulize. Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, yenye heshima na kazi yake, na wewe shida yako ni nyingine. Mtaalamu huyo atakaa na wewe, mtaivunja hofu vipande vipande: kwanza kuruka kwa miguu miwili, kisha mmoja, kisha kugeuka polepole, kisha kugeuka mbele ya mtu anayekukabili. Hamsogei hatua inayofuata mpaka hii ya sasa imeacha kukutetemesha. Atakufundisha pia kutuliza pumzi na kuliona goti lako akilini likifanya kazi sawasawa. Usilicheke hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba waliofanya hivyo baada ya upasuaji wa ligamenti hii walikuwa na goti lenye nguvu zaidi, maumivu kidogo na wasiwasi mdogo wa kuumia tena.

Dua mama yako anakuombea, nami nakuombea. Lakini hata upasuaji hatukuuacha kwa dua peke yake.

Jingine, usikimbizwe. Kocha anauliza lini, majirani wanakuona unatembea wanasema umepona. Kano waliyoipandikiza gotini bado inajijenga ndani kwa miezi mingi baada ya maumivu kuisha, na kurudi kabla ya miezi tisa huongeza sana hatari ya kuumia tena. Kwa hiyo ukiona woga wako unakuambia subiri, sehemu yake ni kweli. Mtaalamu atakusaidia kujua ipi ni tahadhari na ipi ni hofu tupu.

Alexia Putellas wa Hispania aliumia ligamenti hii hii ya goti Julai 2022, siku moja kabla ya Euro ya wanawake kuanza, akiwa ndiye mwenye Ballon d'Or. Alirudi uwanjani mwishoni mwa Aprili 2023, na Agosti akawa bingwa wa dunia, ingawa hakuwa akianza kila mechi. Kurudi kwenyewe huja kidogo kidogo, hata kwa aliye bora.

Na rudi kwenye kundi la timu. Upweke unaikuza hofu kuliko goti lenyewe. Nenda mazoezini ukae na wenzako, mwombe kocha kazi yoyote ya pembeni, hata kuandika idadi ya pasi. Hakuna anayekuona mzigo ila wewe.

Kliniki yako ni Jumatatu. Kabla hujatoka chumba cha mazoezi, mwambie mtaalamu wako maneno haya: “Naogopa kugeuka, naomba unipeleke kwa mtu wa kunisaidia.” Akikuambia hapo hayupo, nipigie siku hiyo hiyo, nitakutafutia, na nauli nitatuma mimi.

Shangazi yako akupendaye