Timu Kubwa, Nyumba ya Kupanga

Mtu akikuuliza kwenu ni wapi, humtajii jengo tu. Unamtajia mahali ambapo hakuna wa kukuambia kesho uhame. Kwa kipimo hicho, ndugu msomaji, klabu mbili kubwa za jiji la Dar es Salaam bado hazina kwao.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba ikafuata mwaka 1936. Zote zina majengo yao, moja Jangwani, jingine Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Lakini jengo la klabu si uwanja wa mechi. Yanga wana Uwanja wa Kaunda, ulioko bondeni, ambako Mto Msimbazi ukifurika huingia bila tiketi. Simba walifungua viwanja vya mazoezi Bunju mwaka 2019. Siku ya mechi yenyewe, watani hawa kwa miaka mingi wamekuwa wakifunga virago kwenda kwa mwenye nyumba, yaani Serikali.

Mimi ni mkazi wa Temeke, jirani ya mwenye nyumba huyo. Viwanja vyake viwili vimesimama ubavu kwa ubavu. Ule wa zamani, Uhuru, ndipo bendera ya Mwingereza iliposhushwa Desemba 1961. Hapo hapo, mwaka 1993, Simba walifungwa mabao 2-0 na Stella ya Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF. Ule mpya ulifunguliwa mwaka 2007, unachukua watu 60,000, na tangu mwaka 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Siku ya watani, mimi mwana Yanga na mke wangu mwana Simba hutoka mlango mmoja na kuachana getini, kila mtu na jukwaa lake. Karatasi inasema mmoja ni mwenyeji na mwingine ni mgeni. Nyasi hazijui tofauti hiyo.

Mwanangu aliwahi kuniuliza, "Baba, nyumbani kwa Yanga ni wapi hasa?" Nikamwambia ni pale tunapokaa wengi. Jibu hilo lina ukweli wake, maana ni watu wanaoufanya uwanja uwe na uhai. Lakini watu hao hao ndio wanaoumia nyumba ikifungwa.

Mwaka 2023 uwanja mkuu ulipokuwa katika ukarabati, Yanga walipeleka mechi zao za ligi Chamazi, nyumbani kwa Azam. Simba nao walirudi Uhuru, na msimu wa 2024/25 wakahamia uwanja wa KMC, Mwenge. Azam ilipanda ligi kuu mwaka 2008 tu, ikatwaa ubingwa mwaka 2014 bila kupoteza mchezo, na ina uwanja wake wa watu wapatao 10,000. Wazee wakawa wanabisha hodi kwa kijana. Mtaani kwetu yupo mzee aliyezoea kwenda uwanjani kwa miguu, redio ndogo mkononi. Chamazi ni safari ya daladala mbili na foleni. Akabaki na redio.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kila usajili unapofika, sisi wanachama huuliza nani ametoka na nani ameingia. Mchezaji ana miguu, msimu ukiisha huenda zake. Kiti cha zege hakiendi popote, na mapato ya mlangoni hayapitii kwanza kwa mwenye nyumba. Mipango ya ujenzi imetangazwa mara nyingi, tukapiga makofi, tukarudi kuulizana habari za washambuliaji.

Mimi ningeridhika na uwanja wa watu 15,000, mabenchi ya mbao, paa upande mmoja. Kwenye mkutano mkuu ujao nitasimama niulize habari za saruji. Najua watakaocheka. Nitauliza hata hivyo, kwa niaba ya yule mzee.