Mama Alipovuka Mpaka wa Migomba

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kijijini kwetu kusini ya Bukoba, tulikwenda misibani mara nyingi kuliko harusini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Sisi watoto tulilisikia gonjwa lile likiitwa Juliana, jina la mashati yaliyoingia na wafanyabiashara kutoka Uganda. Watu wazima walilinong'ona tu, na nyumba yenye mgonjwa walipita mbali nayo.

Kibanja chetu, yaani shamba letu la migomba, kilipakana na cha mjane mmoja mwenye watoto wawili. Alipolala kitandani asiinuke tena, mama alianza kuvuka mpaka kila alfajiri na birika la uji. Alimwosha, akamgeuza, akafua mashuka yake na kuyaanika juani, wapita njia wakitazama. Nesi wa hospitali ya misheni alikuwa amemwelekeza namna ya kujikinga, lakini mama hakuwa na glavu. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi na kuifunga kwa nyuzi za mgomba.

Nilimwonea mgonjwa yule wivu mkali. Maziwa ya ng'ombe wetu yalianzia kwake, sisi tukanywa yaliyosalia. Siku moja nilimuuliza mama kama sisi si watoto wake. Aliendelea kumenya ndizi, kisha akanijibu, “Mwanangu, kumlisha mtu asiyeweza kujilisha mlinifundisha ninyi.”

Jibu hilo lilinirudia ukubwani, nilipokutana na hoja ya Anders Nygren, mwanateolojia wa Uswidi, aliyeandika katika miaka ya 1930 kwamba upendo wa Mungu hautazami thamani ya anayependwa wala hautafuti faida, na kwamba tamaa ya mwanadamu ni kitu kingine kabisa. Mawazo ya Waswidi si mageni Bukoba. Askofu wa kwanza wa Walutheri wa kwetu alikuwa Mswidi, Bengt Sundkler, kabla Josiah Kibira hajashika nafasi hiyo mwaka 1964. Naiheshimu hoja ya Nygren. Lakini wapo wahubiri wanaoichukua mbali zaidi, wakisema mama humpenda mwanawe kwa damu tu, hivyo upendo huo ni mdogo, hauhesabiki mbele ya Mungu. Hapo siwafuati. Isaya, katika sura ya 49, alipotaka kueleza jinsi Mungu asivyowasahau watu wake, alianzia kwa mama na mtoto anyonyaye. Na Yesu akiililia Yerusalemu, katika Luka 13, alijifananisha na kuku na vifaranga vyake. Mama yangu hakuacha upendo wa damu ili aupate ule mkubwa. Ni huo huo aliovuka nao mpaka.

Mjane alifariki wakati wa masika. Watoto wake wakahamia kwetu, wakalala nasi mkeka mmoja, wakagombezwa kama sisi, wakapelekwa kipaimara kama sisi. Yule wa kiume alipopata umri, mama alimshika mkono hadi kwa wazee wa ukoo wa baba yake, akadai kibanja chake. Walibisha, naye hakuondoka mpaka walipokubali. Migomba ilikuwa imemezwa na magugu. Kesho yake alichukua jembe, wakaenda kupalilia pamoja.