Keria ya Baiskeli na Jirani Aliye Nyuma Yetu



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona kwamba tafakari ya juma hili inahusu chuma cha kubebea baiskeli. Lakini imani yetu ni imani ya Neno aliyefanyika mwili, ambaye kabla ya kuhubiri alijulikana Nazareti kuwa seremala. Bila shaka alijua tofauti kati ya kazi iliyofanywa vizuri na kazi iliyofanywa ilimradi. Kwa hiyo naomba leo tutafakari pamoja jambo hili: Mkristo anapotafuta kitu cha bei nafuu, ni nani anayelipa ile sehemu ya bei ambayo yeye ameiokoa?

Mnaijua hali ya parokia yetu ya Idodi. Vigango vyetu vimetawanyika, kuanzia kwenye mashamba ya mpunga hadi karibu na mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Makatekista wetu hutembea kwa baiskeli. Gari la parokia laweza kuwafikisha mahali fulani, lakini mbele ya hapo ni njia za miguu, mchanga wa makorongo, na wakati wa mvua ni tope tupu. Tena jua linapozama tembo huanza kushuka mashambani, na mtu aliye juu ya baiskeli hana pa kujificha. Ndiyo maana Halmashauri ya Walei iliamua kwamba baiskeli zisafiri pamoja na makatekista hadi pale gari linapoishia, ili wafike vigangoni mapema na kurudi mapema.

Ilikuwa lazima basi tupate keria ya kufunga nyuma ya gari, kwenye ile ndoano ya kuvutia trela. Fedha zilizotengwa zilitokana na zaka za mavuno, yaani magunia na madebe ya watu ambao wengine wao nawafahamu kuwa hawana akiba ya kuwafikisha msimu ujao. Si ajabu kwamba neno lililotajwa mara nyingi katika kikao lilikuwa “nafuu”. Nami nililiunga mkono. Kutumia ovyo sadaka ya maskini ni dhambi.

Pamoja na wajumbe wawili nilikwenda Iringa mjini kuulizia. Tulikuta njia kadhaa, nami nazitaja kwa faida ya yeyote mwenye haja kama yetu.

Njia ya kwanza ni kupakia baiskeli juu ya paa. Haina gharama mpya kwa mwenye keria ya paa, lakini ni kazi ya watu wawili wenye nguvu, na matawi ya miti kando ya njia hayana huruma. Njia ya pili ni keria za mikanda zinazoning'inizwa kwenye mlango wa nyuma. Bei yake ni ndogo kuliko zote, ila mlango wa gari letu umebeba tairi la akiba, na mikanda hulegea kwa mtikisiko. Njia ya tatu ni keria zinazobana kichwa cha ndoano, ambacho kwa kawaida kina kipenyo cha milimita 50. Hizi ziko za aina mbili: zile zenye mikono miwili ambamo baiskeli huning'inizwa kwa bomba lake la juu, na zile za jukwaa ambamo magurudumu hukaa ndani ya mifereji. Ya kuning'iniza ni nyepesi na nafuu, lakini baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu haikai humo vizuri. Ya jukwaa hushika aina zote, nayo huwa na taa zake na mahali pa namba ya gari.

Tuliona mojawapo iliyotumika, iliyoletwa kutoka Uingereza, nayo ilikuwa safi kama mpya. Lakini chuma hicho hushikwa na nguvu ya kubana peke yake. Kikilegea, huanza kuzunguka juu ya kichwa cha ndoano. Watengenezaji wengi wa keria za namna hii huonya katika maelekezo yao kwamba hazikukusudiwa kwa barabara mbovu. Na ninyi mnaijua barabara yetu wakati wa kiangazi, jinsi mikunjo yake inavyotikisa gari hadi meno yakagongana.

Njia ya nne ni fundi wa kuchomelea. Yeye alishauri kutengeneza jukwaa ambalo sahani yake ya chuma hufungwa kwa bolti zilezile zinazoshika ndoano, ili lisitegemee kubana tu. Bei yake ilikuwa katikati: zaidi ya ile ya mikanda, chini ya ile ya Uingereza. Njia hii ilitupendeza sote.

Mjadala ulianza fundi alipouliza: ya baiskeli ngapi?

Makatekista wanaosafiri siku moja ni watatu. Kwa hiyo jibu lilionekana wazi. Lakini kwenye ndoano ya gari letu kuna kibati kidogo chenye herufi S na tarakimu 75, maana yake uzito unaoruhusiwa kukandamiza ndoano kutoka juu hauzidi kilo 75. Watu wengi hutazama uzito wa trela ambalo gari laweza kuvuta, ambao ni mkubwa sana, wakadhani ndoano hiyo yaweza kubeba chochote. Kuvuta ni jambo moja, kubeba ni jambo jingine.

Basi tulirudi nyumbani, tukapima baiskeli moja kwa mizani ya mahindi. Baiskeli hizi nyeusi, pamoja na keria yake, stendi na madigadi, ilifika kilo 22. Fundi alikadiria jukwaa lenyewe kilo 19. Baiskeli mbili na jukwaa ni kilo 63. Baiskeli tatu ni kilo 85, bila kuhesabu chuma cha kuongeza mfereji wa tatu. Tena ile ya tatu ndiyo hukaa mbali zaidi na gari, na kadiri mzigo unavyokaa mbali ndivyo unavyoilemea ndoano. Na kila gari linaporuka shimoni, mzigo huo hushuka kwa nguvu kuliko uzito wake wa kwenye mizani.

Mjumbe mmoja, mtu mwema anayeipenda parokia, alisema: “Baba, ni kilo kumi tu. Mungu atatulinda. Nawe utaibariki.” Tulicheka, lakini neno lake limekaa nami juma zima. Baraka ya Kanisa ni sala, si nati. Tunapoomba Mungu alinde gari, tunamwomba pia atupe akili ya kulikagua. Kumwachia Mungu zile kilo kumi ambazo sisi wenyewe tumekwisha kuzihesabu si imani. Ni kumjaribu Bwana.

Tena kuna jambo zito zaidi. Keria ya nyuma ikikatika, aliye ndani ya gari huenda asijue hata kidogo. Ataendelea na safari yake, labda huku akiimba. Atakayepatwa ni yule aliye nyuma: kijana wa bodaboda anayefuata katikati ya vumbi, mama mwenye ndoo kichwani, mtoto anayetoka shuleni. Yeye hakuwapo kikaoni. Hakuulizwa kama aona kilo kumi kuwa kidogo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Nathubutu kuongeza kwamba hata hatari ya mwenzio huonekana sufi, hasa inapotupunguzia gharama.

Torati ilikwisha kuliona hili. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, ajengaye nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo kuzunguka dari lake, asije akailetea nyumba yake damu ya mtu atakayeanguka kutoka huko. Ukingo haumwongezei mwenye nyumba chumba wala kivuli. Ni gharama anayoilipa kwa ajili ya mtu ambaye pengine hajamjua bado, na Mungu haiiti gharama hiyo hisani bali wajibu. Mwezi Juni 2007, Baraza la Kipapa lililoshughulikia Wahamiaji na Wasafiri lilitoa mwongozo wa kichungaji kuhusu barabara, wenye amri kumi za madereva. Ya tisa yataka tumlinde aliye dhaifu zaidi barabarani, na ya kumi yataka tujione tunawajibika kwa wengine. Kwa barabara yetu aliye dhaifu ni yule anayekwenda kwa miguu.

Tuliamua basi jukwaa la baiskeli mbili. Lina vipande vya tairi kuukuu ili vyuma visisuguane, mikanda miwili kwa kila baiskeli, na taa zake za breki na indiketa, kwa sababu baiskeli zikipakiwa huziba taa za gari. Namba ya gari pia imewekwa mahali inapoonekana. Dereva hukaza nati zote baada ya kilomita chache za kwanza, na kila tunaposimama. Baiskeli ya tatu haina nafasi. Hivyo katekista mmoja husubiri gari lirudi kumchukua, na mafuta ya safari hiyo ya pili tunayalipa kila mwezi. Sitaki kuwaficha: uamuzi huu una gharama, na yeye ndiye anayeibeba zaidi, kwa kuwa hufika kigangoni kwake akiwa amechelewa. Nilipomweleza sababu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mke wake hupita barabara ileile kwenda shambani. Hakuongeza neno.

Wapendwa, Bwana wetu anatufundisha katika Luka 14:28 kwamba atakaye kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Tunapohesabu, na tuiweke mezani pia sehemu itakayomwangukia asiyekuwapo. Wewe unayejenga nyumba ya kupangisha, wewe unayenunua breki za bodaboda, wewe unayepakia abiria wa ziada jioni: tafuta nafuu, ndiyo, kwa maana fedha ni ngumu na Mungu anajua. Lakini jiulize kwanza ni nani aliye nyuma yako.

Ee Bwana, uwalinde wote wapitao katika barabara zetu, na utujalie macho ya kumwona jirani hata pale tusipogeuka. Amina.

Niwatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.