Ringi Hazitaki Kubembelezwa

Gari la mjomba lilikuwa linakula oili kuliko linavyokula dizeli. Natia chumvi, lakini si nyingi. Ni Hilux pikapu ya mwaka 1986, injini ya 2L, silinda nne. Kutoka Mwanjelwa mpaka Uyole, mwendo ambao hata mwenye daladala hauhesabu kuwa ni safari, lilikuwa linaacha moshi wa bluu nyuma mpaka wenye maduka wanafunga milango. Ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, pumzi ilikuwa inatoka pale kama ya mtu mwenye pumu. Na asubuhi za mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikishakaza, haliwaki mpaka lisukumwe: mimi, mjomba, na yeyote mwenye bahati mbaya ya kupita njia ile saa kumi na mbili.

Wewe msomaji uliyekulia mjini utaniuliza, sasa haya yanahusiana nini na sisi watu wa kalamu? Ngoja kwanza. Gari hilo ndilo lililonisomesha mpaka nikamaliza kidato cha nne, na ndilo linalomsomesha binamu yangu sasa hivi. Daftari ninaloandikia riwaya yangu (haijaisha, na tafadhali usiniulize itaisha lini) lilinunuliwa kwa pesa ya mchele uliobebwa nyuma ya gari hilo. Kwa hiyo mjomba alipouza dume lake la ng'ombe ili ashushe injini, kila mtu pale nyumbani alielewa. Hapakuwa na dume la pili.

Injini ya dizeli haina plagi za kurusha cheche kama ya petroli. Yenyewe inaikandamiza hewa tu. Pistoni inapanda, hewa iliyojaa silinda inabanwa mpaka nafasi yake inabaki ndogo zaidi ya mara 20, na kwa kubanwa huko inapata moto mkali kiasi kwamba dizeli ikinyunyiziwa inawaka yenyewe. Ndiyo akili ya Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefanikisha injini yake mjini Augsburg mwaka 1897. Mwaka 1913 alipanda meli kwenda Uingereza, usiku akatoweka, na mwili ukaonekana baharini siku kadhaa baadaye. Huo nao ni mwanzo wa riwaya, lakini siyo yangu.

Sasa, kinachoizuia hewa isikimbie pembeni mwa pistoni ni ringi. Kwenye injini yetu kila pistoni inavaa tatu: mbili za juu za kubana hewa, ya chini ya kukwangua oili isipande. Ni duara la chuma lililokatwa mdomo, ili liwe na mkunjuko wa kujisukuma nje. Fikra hiyo ni ya zamani, ya miaka ya 1850, ya Mwingereza mmoja wa mambo ya reli aitwaye John Ramsbottom, wakati huo ikiwa kwa ajili ya injini za mvuke. Zikichakaa hizo, hewa inavuja kwenda chini, ndiyo ile pumu, na oili inapanda juu na kuungua, ndio ule moshi wa bluu. Gari linakosa nguvu, linakosa kuwaka, na mwenye gari anakosa usingizi.

Fundi wetu ni mzee mmoja wa Uyole aliyejifunzia kazi kwenye matrekta. Alishusha injini kwa mnyororo uliofungwa kwenye gogo la mkaratusi, akaifungua chini ya turubai, na kwa siku tatu mimi nikawa msaidizi wa kuosha vyuma kwa dizeli. Silinda hazikuwa zimelika kiasi cha kuchongwa upya. Akazipitishia mawe ya kusugulia, juu na chini huku yanazunguka, mpaka kuta zikapata michirizi myembamba inayokatana kama ungo. Nikamuuliza kwa nini anakwaruza chuma kilichokuwa kinang'aa vizuri. Akacheka. Kung'aa ndiyo ugonjwa wenyewe, alisema. Michirizi inashika oili kidogo, na tena ni kama tupa: ringi mpya na ukuta zinasuguana mpaka kila kimoja kinachukua umbo la mwenzake. Halafu akaingiza kila ringi peke yake ndani ya silinda, akapima mwanya wa mdomo wake kwa vile vibati vyembamba vya kupimia, kitu kama theluthi ya milimita, na wakati wa kuzivisha akahakikisha midomo haitazamani, kila mmoja unaelekea upande wake. Midomo ikipangana, hewa inapata uchochoro.

Injini ikarudishwa, ikajazwa oili ya kawaida namba 40, siyo zile za bei mbaya zinazoteleza kupita kiasi. Ikawaka. Na hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Kijiweni kila mtu ana digrii ya magari. Wote walikuwa na neno moja: taratibu. Usizidishe 40. Usipakie kitu kwa kilomita 1,000. Liwashe asubuhi, liache lingurume papo hapo masaa mawili lizoee. Mjomba, ambaye dume lake lilikuwa limegeuka vyuma ndani ya ile injini, aliyapokea maneno hayo kama dawa. Nani asiyependa kuambiwa akibembeleze kitu chake cha thamani?

Lakini mzee wa Uyole alitikisa kichwa. "Mzee mwenzangu," alimwambia mjomba, "ukimfunga dume zizini mwezi mzima, hatajifunza kulima. Pakia magunia matano, nenda Iringa."

Iringa! Kama kilomita 330, na ringi zina umri wa siku moja.

Nilidhani mzee ana kiburi cha ufundi tu. Kumbe ana hoja, na hoja yake ndiyo iliyonifanya niandike ukurasa huu. Mkunjuko wa ringi peke yake ni dhaifu. Kinachoibana ringi sawasawa kwenye ukuta ni moto wenyewe: gesi inayolipuka juu ya pistoni inapenya nyuma ya ringi ya juu na kuisukuma nje. Mlipuko mkubwa, msukumo mkubwa. Injini ikifanya kazi nyepesi, gesi haina nguvu ya kuisukuma, ringi inaelea tu juu ya oili, na ile oili inaungua kidogo kidogo ukutani mpaka michirizi inajaa na ukuta unakuwa kama kioo. Ikishafika hapo, umekwisha. Hata ukiendesha miezi sita ringi hazitakaa, dawa ni kufungua tena na kusugua upya. Na nafasi ni ya mwanzo tu, masaa ya kwanza, kilomita mia chache za kwanza, wakati michirizi bado mikali.

Jirani yetu mmoja lilimkuta. Alifungiwa ringi kwenye gereji moja, akaambiwa alibembeleze, akalibembeleza wiki tatu: sokoni, kanisani, nyumbani. Lilirudi kuvuta bluu kama halikuguswa. Alilipa mara mbili.

Niwe mkweli kwa upande wa kijiweni pia. Wanaosema taratibu hawasemi uongo mtupu. Kukanyaga mpaka mwisho, kulilazimisha gia kubwa mlimani mpaka linatetemeka, kuliacha lichemke, hayo yanaua injini mpya kabisa. Hata mzee alisema: kazi ndiyo, mateso hapana. Ila ile ya kuliacha lingurume papo hapo masaa mawili, kwa dizeli, ni kuharibu kwa upole.

Najua mwandishi chipukizi akifika hapa mkono unamwasha ageuze ringi kuwa mfano wa vijana, au wa uandishi. Najizuia. Ringi ni ringi, na tulikuwa na barabara ya kumaliza.

Tukaondoka alfajiri, mjomba kwenye usukani, mimi turniboi. Ile barabara kuu ni kama ilichorwa na mtu aliyejua mambo ya ringi. Mbeya iko juu, karibu mita 1,700. Ukishapita Uyole na Inyala unateremka mpaka bonde la Usangu, Igurusi, Chimala kwa mchele na zile kona 57 za kupanda Matamba, mpaka Igawa. Huko chini ni tambarare, mita 1,000 na ushei. Mzee alikuwa ametuagiza: kwenye tambarare toka 40 panda mpaka 70 kwa mguu mzito, halafu achia, liache lijivute lenyewe kwenye gia mpaka 40, rudia. Tusikae mwendo mmoja. Basi tukawa tunakwenda kama walevi, mbio, pole, mbio, pole, mabasi yakitupigia honi, na vijijini kwenye kibao cha 50 mjomba ananyenyekea, maana trafiki hawataki kusikia habari za ringi.

Igawa tukasimama. Moshi bado wa bluu. Si kama zamani, lakini upo. Mjomba hakusema neno. Alisimama nyuma ya gari, mikono mgongoni, anautazama ule moshi kama mtu anayesoma barua asiyoipenda. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani ada ya binamu.

Baada ya Igawa barabara inaanza kupanda kuelekea Halali na Makambako, kutoka kwenye joto la Usangu mpaka mita zaidi ya 1,600. Hapo ndipo kazi yenyewe. Gia ya nne, ikichoka ya tatu, mguu umezama lakini haujagusa sakafu, macho kwenye mshale wa joto. Injini ilikuwa inaunguruma kwa sauti nene niliyokuwa sijaisikia tangu nikiwa mdogo. Nikatoa kichwa dirishani. Kuna moshi mweusi kidogo, nikamwambia mjomba, akasema huo ni wa hewa nyembamba na mzigo, usimwogope huyo. Nikaendelea kutafuta wa bluu. Kona moja, nyingine. Mahali fulani kabla ya Makambako sikuuona tena. Siwezi kukutajia kilomita. Sikutangaza pia, nilihofia macho yangu yamechoka.

Makambako, pale njia ya Njombe inapochepuka, tuliliacha lingurume dakika moja tu, mjomba akafungua kifuniko cha oili. Akaweka kiganja juu ya tundu. Akakiondoa, akaweka tena. "Hebu weka na wewe, mpwa," akasema. Pumzi ilikuwepo, lakini ya mtu aliyelala.

Kutoka hapo safari ilikuwa nyepesi. Mafinga na misitu yake ya misonobari, baridi ikirudi, Ifunda, Tanangozi, Ipogolo, halafu kale kamlima ka mwisho ka kuingia mjini Iringa. Kamwene huku, kamwene kule, mchele ukashushwa soko la Mashine Tatu, tukapakia nyanya za Ilula ili gari lisirudi tupu. Kurudi tupu kungekuwa kulibembeleza.

Tulipofika Uyole mzee akamwaga oili yote, ingawa ilikuwa bado mpya. Kwenye beseni, juani, ilikuwa na mng'aro wa unga wa chuma, laini kama poda. Akauchovya kidole, akamwonyesha mjomba. Ndicho chuma kilicholika ringi na kuta zikikubaliana, na hakitakiwi kubaki humo ndani kikizunguka. Akajaza nyingine.

Zamani lita moja ilikuwa haifiki Tukuyu na kurudi. Safari ya pili ya Iringa kijiti cha kupimia kilishuka upana wa kidole, ya tatu upana wa ukucha. Ya nne mjomba alikifuta, akakichovya, akakitazama, akakifuta tena kwa shati lake jeupe la kwendea kanisani, akakichovya mara ya pili. Hakikuwa kimeshuka. Akaniambia niongeze magunia matatu.