Kosa Si la Stata Kila Mara

Mkulima aliyekwisha kupakia maziwa yake alfajiri, kisha akazungusha ufunguo wa pikapu asisikie kitu ila mlio mdogo tu, yumo katika taabu ya kweli. Maziwa hayangojei. Wakati kama huo akili hukimbia, na fedha huifuata. Kila apitaye njiani humwambia kwamba stata imekufa. Naye hununua nyingine kwa bei kubwa, ikafungwa, na gari likabaki kimya vile vile.

Yafaa kujua kazi ya chombo hicho kabla ya kukilaumu. Zamani injini ilizungushwa kwa mkono kwa chuma kilichopindwa, na wako waliovunjika mikono injini iliporudi nyuma kwa ghafula. Motokaa za Cadillac za mwaka wa 1912, huko Marekani, ndizo zilizoeneza stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake. Tangu hapo jasho la mtu likawa mzigo wa betri, nao ni mzigo mzito. Taa ya mbele ya wati 55 hutumia ampea 5 hivi, lakini stata yaweza kutaka ampea 100 na zaidi. Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima.

Njia ya umeme yafanana na mfereji wa shambani. Betri ni chemchemi; waya mnene ni mfereji; solenoidi ni lango, na ufunguo hutuma umeme kidogo tu wa kulifungua. Tofauti ni moja, kwamba umeme sharti urudi betrini, nao hupitia chuma cha injini na waya wa upande wa hasi. Njia ikizibwa popote, kwenda au kurudi, stata haizunguki.

Basi mwenye gari na aanze kwa lisilo na gharama. Gia iwe huru na breki ya mkono ivutwe. Aziwashe taa za mbele, mtu mwingine azungushe ufunguo. Taa zikififia sana, betri ni dhaifu, au vichwa vyake vimelegea au vimeshika ukungu. Mara chache injini yenyewe imekwama. Taa zisipobadilika wala mlio usisikike, umeme wa ufunguo haufiki: atazame fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo, na swichi ya klachi au ya gia. Mlio ukisikika na taa zikabaki kali, hapo ndipo solenoidi na stata zaweza kushukiwa, pamoja na waya wa kurudi.

Mwenye mita ya volti hapigi ramli. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha 12.6 ikiwa imepumzika. Ikionyesha 12 au chini, imekaribia kwisha. Stata inapovuta, betri njema haishuki sana chini ya 9.6. Kisha mita iwekwe kati ya kichwa chanya cha betri na mahali waya mnene unapofungwa kwenye stata, huku ufunguo umezungushwa. Ikipotea zaidi ya nusu volti, waya au kifungo chake ni kibovu. Kati ya kichwa hasi na chuma cha injini isipotee zaidi ya 0.3 hivi.

Mara nyingi dawa huwa spana na kipande cha msasa. Waya hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, wala moto usikaribishwe, kwa kuwa hewa itokayo betrini yaweza kulipuka. Dalili ya mvua ni mawingu: gari linalozunguka kwa uvivu leo latoa onyo la kesho.

Stata hulaumiwa kwa sababu ndiyo ionekanayo kushindwa, kama mtumishi wa mwisho aliyenyimwa chakula kisha akaulizwa kwa nini halimi. Fundi mwema hujulikana kwa anachopima kabla ya kubadili kitu. Kabla ya kutoa fedha, mwenye gari ana haki ya kumwuliza kwa heshima: umepima wapi, na umeona volti ngapi?